Banda letu Nyamanzi, na yule mama wa Darajani

Jamani Maonesho ya Biashara ya Nyamanzi, huku Zanzibar, yana watu wallahi, si unajua Januari na shamrashamra za Mapinduzi, basi sisi na kampuni yetu ndogo ya programu tukapata kibanda pembeni karibu na wauza viungo. Wakubwa wana maskrini na muziki, sisi meza, tableti na programu yetu ya hesabu za duka. Kilichouza ni kumwachia mtu ashike mwenyewe.

Akaja mama mmoja ana duka la vitenge Darajani, katoa daftari la madeni mkobani, kurasa zimelegea, akawa anaingiza jina moja moja kwa kidole huku anauliza, "Mwanangu, mtandao ukikata deni langu si ndo limepotea?" Tukazima data mbele yake, akaandika, akaona limebaki, maana linahifadhiwa kwenye tableti kwanza, mtandao ukirudi ndo linapanda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mtandaoni. Alifurahi mno!

Wenzangu wenye kampuni changa, pesa ya mabango nunulieni tableti ya pili na bando. Jamaa wa Chake Chake yeye alitaka risiti zitoke kwenye printa ndogo ya bluetooth, hilo tumeshaanza kulitengeneza.