Kumbukumbu ya mradi: lebo ya chungu cha 11 imekamilika

Ninaandika lebo zinazoeleza kwa Kiswahili maana ya majina ya kisayansi ya mimea yangu midogo ya vyunguni, na ile iliyonishinda kwa majuma matatu hatimaye imeandikwa na kuchomekwa kwenye chungu chake. Kumi za kwanza zilikwisha kwa jioni mbili tu, kwa kuwa majina yake hujieleza mara mtu anapoyatazama majani: Argyroderma ni ngozi ya fedha kwa Kigiriki, Oophytum ni mmea-yai, na Monilaria limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkufu, kwani shina lake limepangika pingili kwa pingili kama shanga zilizotungwa. Conophytum calculus lilinipendeza kuliko yote: mmea wenye umbo la pia ya watoto, na kando yake neno la Kilatini la kijiwe. Mimea yote hii ni ya Knersvlakte, uwanda mkavu wa kokoto nyeupe za kwatzi kaskazini mwa Vanrhynsdorp, Afrika Kusini. Yangu nimeiotesha kwa mbegu hapa Nairobi, na sitanunua kamwe mmea mkubwa usiojulikana ulikotoka, maana wizi wa mimea ya porini umeuumiza sana uwanda ule.

Chungu cha 11 ndicho kilichonikwamisha. Pakiti ya mbegu iliandikwa Dactylopsis digitata, jina linalotaja kidole mara mbili, kwa Kigiriki na kisha kwa Kilatini, na kweli majani yake yamesimama mchangani kama vidole vinene. Hata hivyo, wanabotania wengi sasa wanaurudisha katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Mesembryanthemum, ambamo mwanabotania N. E. Brown aliutoa katika miaka ya 1920 alipokuwa akiigawa jenasi hiyo iliyokuwa imejaa kupita kiasi. Kwa hiyo ilinibidi nieleze neno Mesembryanthemum kwa mistari miwili ya Kiswahili.

Mwaka 1684 mwanabotania Jakob Breyne aliandika Mesembrianthemum, kwa herufi i, kutokana na neno la Kigiriki la adhuhuri, kwa sababu spishi zilizojulikana wakati huo zilichanua jua likiwa utosini. Nikaandika «ua la adhuhuri», nikafurahi, kisha nikagundua kwamba pakitini herufi si i bali ni y. Zilipopatikana spishi zinazochanua usiku, mwanabotania Dillenius alibadili herufi hiyo moja, na jina likapata asili mpya kabisa: katikati, kiinitete, ua. Linnaeus, aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi, akaifuata tahajia hiyo mwaka 1753. Sauti ilibaki ile ile ilhali maana ilihama, na kila nilipojaribu kuyabana hayo katika lebo ya urefu wa kidole, ama adhuhuri ilipotea ama kiinitete kilipotea. Nilifuta na kuandika upya mara tisa. Toleo lililobaki linasema: «Kwanza ua la adhuhuri, tangu Dillenius, ua lenye kiinitete katikati.» Ninajivunia sentensi hiyo.

Kuhusu vifaa, ninashauri penseli laini juu ya plastiki iliyosuguliwa kidogo kwa msasa. Kalamu za wino zinazouzwa kwa madai kwamba hazifutiki zilipauka kwenye lebo zangu za mwaka jana kabla ya miezi sita kwisha, na sitazitumia tena juani.

Nilikuwa nimepanga kuendelea na majina yanayowaenzi watu, kuanzia Argyroderma delaetii, lililotokana na Frans de Laet wa Ubelgiji, lakini nimeyaweka kando. Nikiwa nachomeka lebo ya 11 niligusa kokoto nyeupe saa saba mchana, kisha udongo mtupu wa chungu cha pili, na tofauti ya joto ilinishangaza mkononi. Kwatzi huakisi mwanga mwingi, na mimea midogo iliyokaa katikati ya mawe hayo hupata joto dogo kuliko ile iliyo kwenye ardhi nyeusi iliyo wazi. Kesho nitaanza kutandaza kokoto nyeupe katika nusu ya vyungu vya Oophytum, nusu nyingine nitaiacha na udongo, na kipimajoto nimekwisha kukiazima.