Kifundo cha kulia: kumbukumbu ya mradi wangu wa kuchua fasia

Februari

Lengo la mradi huu wa kuchua fasia, yaani utando unaofunika misuli, ni moja: kumaliza msimu huu wa netiboli bila kifundo cha mguu wa kulia kulala upande. Nacheza WA (mshambuliaji wa pembeni) kwenye timu ya ofisini hapa Dodoma, na kifundo hiki kimeteguka mara nyingi hadi wenzangu hawashtuki tena. Wananingoja pembeni nikizungushe, kisha mchezo unaendelea. Hakivimbi kama zamani. Kinachonikera ni kwamba hakiaminiki. Ngazi za ofisini nashuka nimeshika chuma, na nikikanyaga ukingo wa lami vibaya kidogo tu, mguu unakwenda wenyewe.

Netiboli ni katili kwa vifundo, na sababu iko kwenye sheria zake. Ukidaka mpira hewani ukatua kwa mguu mmoja, mguu huo ukiuinua huruhusiwi kuurudisha chini kabla mpira haujatoka mkononi, na una sekunde 3 tu za kuutoa. Mwili uliokuwa mbioni unasimama ghafla juu ya kifundo kimoja, huku kiuno kinaendelea kugeuka kutafuta wa kumpasia. Mcheza kandanda angepiga hatua mbili tatu kupunguza kasi. Sisi tunapigiwa filimbi.

Eksirei ilishafanyika, hakuna ufa. Nalitaja hili mapema kwa ajili ya wanaotaka kuiga: ukiumia ukashindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza ncha au ukingo wa nyuma wa mifupa inayochomoza pande mbili za kifundo ukasikia maumivu makali, nenda eksirei kwanza. Hivyo ni vigezo vilivyotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na madaktari wanavitumia mpaka leo. Habari za fasia zitasubiri.

Vipimo vya kuanzia ni viwili. Cha kwanza ni dodoso la CAIT, lililochapishwa na watafiti wa Australia mwaka 2006. Lina maswali 9 na alama 30, na linauliza mambo ya kawaida kabisa: unajisikiaje ukishuka ngazi, ukisimama mguu mmoja, ukigeuka ghafla, mguu ukianza kulala upande, unaweza kuuzuia? Chini ya alama 24 au 25, kutegemea unamfuata mtafiti gani, kifundo kinahesabiwa kuwa legelege. Mimi nimepata 16. Cha pili ni goti ukutani: unaweka mguu sakafuni, unasogeza goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, kisha unapima umbali wa kidole gumba na ukuta. Kwa futi ya fundi cherehani, mguu wa kushoto sentimita 11, wa kulia 6 na nusu.

Machi

Fizio niliyempata amesomea mbinu ya kuchua fasia ya Mwitaliano Luigi Stecco, ambaye naye ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilitegemea anishike kifundo. Badala yake alianza na maswali: majeraha ya zamani, goti, nyonga, hata kama niliwahi kufungwa plasta utotoni. Kisha akanifanya nisukume mguu kila upande huku ameuzuia kwa mkono, akiandika. Ndipo akapanda juu, pembeni ya muundi, kwenye misuli inayoshuka nyuma ya mfupa wa nje wa kifundo na kuuzuia mguu usilale.

"Dokta, mbona unapanda huko? Panapouma ni hapa chini."

"Dada, panapouma ndipo panapolalamika. Anayesababisha mara nyingi yuko jirani."

Hapaki mafuta. Anaweka fundo la kidole, anazama taratibu mpaka anahisi tabaka lisiloteleza, halafu anasugua papo hapo, sentimita moja mbili tu kwenda na kurudi. Dakika ya kwanza ni maumivu ya kuumana meno, na kwangu yalikuwa yanashuka mpaka pembeni ya unyayo, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu. Anakuuliza kila mara: kutoka kumi, sasa hivi ngapi? Haachi mpaka namba ishuke karibu nusu. Dakika tatu, nne, tano, kisha ghafla pale pale pamelegea, na kidole kile kile hakikupi shida. Akahamia upande wa mbele wa muundi, halafu upande wa ndani wa kigimbi.

Nilipopimwa ukutani kabla ya kuvaa viatu: sentimita 8. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijisikia shujaa. Kesho yake asubuhi ilikuwa 7.

Mama aliponiona na alama nyekundu mguuni alitaka kujua nimelipa shilingi ngapi kukandwa, wakati maji ya moto na chumvi viko jikoni. Sikubishana naye, na maji ya moto nayo nilikandwa.

Machi, mwishoni

Nimesoma nilichoweza kuhusu kinachotokea chini ya kile kidole, kwa sababu maelezo ya mitaani kwamba fasia "imegandana na inavunjwavunjwa" yalinitia shaka. Fasia ni ule utando mweupe unaofunika misuli. Aliyewahi kuandaa paja la mbuzi ameuona na ameuchana kwa kisu. Hauvunjiki kwa kidole. Mwaka 2008 Hans Chaudhry na wenzake walipiga hesabu na kuonyesha kuwa nguvu inayotakiwa kubadili umbo la fasia ngumu, ya paja au ya unyayo, inazidi sana ile ya mkono wa mchuaji. Wafuasi wa Stecco wenyewe wanasema kitu tofauti: kati ya matabaka kuna hialuronani, kilainishi cha mwili, ambacho kikiwa kizito matabaka hayatelezi, na msuguano na joto hukilegeza. Maelezo hayo yana mantiki, ingawa mimi nadhani sehemu kubwa ya kazi inafanywa na neva.

Ndiyo maana kilichonivutia zaidi ni retinakula, mikanda ya fasia inayozunguka kifundo na kushikilia kano zisichomoke. Carla Stecco, binti wa Luigi, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Padova waliichunguza na kukuta imejaa miisho ya neva. Kwa hiyo siyo kamba tu. Inaupa ubongo habari za mguu ulivyokaa. Hili linaungana na wazo la Freeman, daktari wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1965 kwamba mguu ulioteguka unaendelea kuyumba kwa sababu mawasiliano yake na ubongo yameharibika, siyo kwa sababu ya ligamenti (nyuzi zinazounganisha mifupa) kulegea tu. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa ubao wa kusimamia unaoyumba.

Aprili na Mei

Hapa ndipo mradi ulipobadilika. Kuchuliwa peke yake kulikuwa kunanipa siku chache nzuri, halafu sentimita zinarudi zilikotoka. Fizio akasema waziwazi kwamba yeye anafungua mlango tu, na kwamba ushahidi mzito kuhusu vifundo legelege uko kwenye mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba. Utafiti wa mbinu yake kwa wacheza kandanda wa Italia ulikuwa na matokeo mazuri, ila wachezaji wenyewe hawakufika 30. Nilimwamini zaidi baada ya kusema hivyo.

Ratiba ikawa hii: siku ya kuchuliwa, jioni yake ni mizani, wakati kifundo bado kimelegea. Kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki. Kisha macho yamefumbwa, jambo gumu kuliko linavyosikika. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka wote, kano za juu ya unyayo zikicheza kama nyuzi za zeze. Kisha juu ya mto wa kochi. Kisha kudaka mpira anaonirushia mdogo wangu, ambaye analenga pembeni kwa makusudi na kucheka. Mwishoni kutua: kuruka kutoka kwenye ngazi ya mlangoni, kutua kwa mguu mmoja na kukaa kimya sekunde 3, kama sheria inavyotaka.

Mwishoni mwa Mei: goti ukutani sentimita 9 na nusu, na safari hii imebaki hapo hata bila kuchuliwa. CAIT 23. Swali la ngazi limepanda; la kugeuka ghafla bado linanivuta chini.

Juni

Fizio ameniachia, narudi kwake nikihisi kukaza tu. Mazoezini nacheza robo mbili za kwanza bila bandeji, mbili za mwisho nafunga, kwa sababu uchovu ndio unaoleta balaa. Mechi za kweli bado nafunga zote, na kocha hataki mjadala juu ya hilo.

Kipimo kinachofuata ni kuruka pembeni kwa mguu mmoja, kwenda na kurudi juu ya mistari miwili iliyoachana sentimita 30, mara 10, kwa saa ya kuhesabia sekunde. Mguu wa kushoto nimeshaupima. Wa kulia tumekubaliana usubiri mpaka goti lifike sentimita 10.