Mnada Usiotumia Pesa

Jumamosi ya kwanza niliyokwenda kujitolea katika benki ya chakula ya Houston, nilitarajia kukutana na watu wenye njaa, lakini sikumwona hata mmoja. Nilichokikuta ni ghala la futi za mraba 308,000, ambalo zamani lilikuwa la kampuni ya kuuza vyakula kwa jumla, lenye rafu zinazokaribia dari, vyumba vya baridi, na foklifti zinazopishana kwa honi. Kazi yangu kwa saa tatu ilikuwa kuchambua makopo: lililovimba litupwe, lililobonyea kwenye mshono litupwe, lililobonyea ubavuni tu libaki. Nilirudi nyumbani mgongo ukiniuma, huku nikijiuliza jinsi makopo yale yanavyomfikia mtu wa kuyala.

Houston Food Bank, iliyoanzishwa mwaka 1982, ni mfano wa muuzaji wa jumla asiyeuza. Inahudumia kaunti 18 za kusini-mashariki mwa Texas, lakini sehemu kubwa ya chakula chake haikigawi yenyewe. Hukipeleka kwa vituo zaidi ya 1,000 vya makanisa, shule na jumuiya mbalimbali, na vituo hivyo ndivyo vinavyowajua watu wa mtaa wao. Mpango huu ulianzia Phoenix, Arizona, mwaka 1967. John van Hengel, aliyekuwa akijitolea katika jiko la kuwalisha maskini, alikutana na mama aliyekuwa akiokota chakula kwenye mapipa ya taka ya duka, naye mama huyo akamwambia kwamba ingefaa pawepo mahali kama benki, mwenye ziada aweke na mwenye shida achukue. Leo mtandao uitwao Feeding America una benki za namna hiyo takriban 200, na kila moja ina eneo lake.

Makampuni hutoa chakula kwa sababu kadhaa, na huruma ni mojawapo tu. Kutupa shehena nzima ya mtindi ni gharama. Sheria ya kodi ya mwaka 1976 iliwapa nafuu wanaotoa bidhaa zao. Na sheria ya mwaka 1996, inayobeba jina la Bill Emerson, inamkinga mtoaji asishtakiwe ikiwa ametoa kwa nia njema. Sisemi kwamba wakubwa wa makampuni hawana moyo, ila moyo peke yake usingelijaza ghala lile.

Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi shehena za makampuni makubwa zinavyogawanywa kati ya benki na benki. Kwa miaka mingi makao makuu ya mtandao yalifuata foleni: benki iliyofikiwa na zamu ilipigiwa simu na kuambiwa kuna lori la kitu fulani, nayo ilikuwa na saa chache tu za kukubali au kukataa. Kwa hesabu ya kitaifa pauni ya uzito ilikuwa pauni, iwe ya viazi au ya siagi ya karanga, hivyo benki iliyozungukwa na mashamba ya viazi ingeweza kupewa lori jingine la viazi. Mwaka 2005 mtandao ulibadili utaratibu, ukisaidiwa na maprofesa wa University of Chicago akiwemo mchumi Canice Prendergast. Kila benki sasa hupewa hisa, ambazo ni sarafu ya bandia isiyonunua kitu kingine chochote duniani, na eneo lenye wahitaji wengi zaidi hupata hisa nyingi zaidi. Shehena hupigwa mnada mara mbili kwa siku, na hisa zilizotumika hurudishwa kwa benki zote ili mzunguko usikauke. Nafaka za kifungua kinywa na tambi zikawa ghali, mboga na matunda yanayooza upesi yakawa karibu bure, na bidhaa ngumu kuondoa iliruhusiwa kushuka chini ya sifuri, yaani benki ilipata hisa za ziada kwa kukubali kuichukua.

Wako waliohofia kwamba soko litawanyima wanyonge. Nadhani wasiwasi huo ulikuwa na haki yake, lakini mimi naona mnada huu umeirekebisha dhana ambayo nasi tumeirithi katika methali isemayo maskini hana kinyongo, yaani hachagui wala hakatai anachopewa. Maskini anacho, alichonyimwa ni nafasi ya kukionyesha.

Hilo nililiona baadaye katika kituo kimoja kidogo cha ugawaji, ambako miongoni mwa waliofika walikuwamo Wakongomani wazungumzao Kiswahili, kwa kuwa Houston imepokea wakimbizi wengi. Zamani vituo vingi vilimpa kila mtu sanduku lililokwisha kufungwa. Siku hizi vingi humwacha mtu apite na toroli na kuchagua. Mama mmoja alichukua mchele, maharage na vitunguu, akalishika kopo la maboga yaliyosagwa, akaligeuza mara mbili, akaniuliza, “Baba, hii wanapikaje?” Sikuweza kumweleza vizuri, akalirudisha rafuni bila haya. Katika sanduku lililofungwa kopo lile lingehesabiwa kuwa chakula kilichogawiwa, kisha lingeishia kwenye kabati lake mpaka lipite tarehe.

Hata hivyo ghala lote lile ni nyongeza tu. Feeding America wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka katika benki za chakula, mpango wa serikali wa SNAP, unaompa mtu kadi ya kununulia chakula dukani, hutoa milo 9. Ndiyo maana benki ya Houston ina wafanyakazi wa kuwasaidia watu kujaza maombi ya mpango huo. Katika kituo kile palikuwa na meza ya namna hiyo karibu na mlango, yenye kompyuta moja na dada mmoja mvumilivu, na foleni yake asubuhi ile ilikuwa ndefu kuliko ya mchele.