Neno "yake" katika Habakuki

Asubuhi ya leo hapa Moshi, chai ikiwa jikoni na kilele cha Kibo kikiwa bado kimejifunika mawingu, nilisoma Habakuki 2:4, kisha nikafungua Warumi 1:17, ambako Paulo anaunukuu mstari huohuo. Nabii anasema mwenye haki ataishi kwa imani yake. Paulo ameliacha hilo neno "yake", na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, inasema "imani yangu", yaani ya Mungu mwenyewe. Niliupigia mstari kwa penseli (wino hupenya karatasi hizi nyembamba) nikakaa hapo muda mrefu, kwa kuwa neno la Kiebrania, emuna, hubeba pia maana ya uaminifu, ya kusimama imara pasipo kuyumba. Waebrania 10:38, ambako mstari huo unanukuliwa tena, nimeiahirisha hadi kesho. Chai ilikuwa imechemka hadi kumwagika.