Siku moja ya bibi wa Sanpete: mkate, pichi na zamu ya maji

Wajukuu wa wanawake wa Kimormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) wa mashambani huko Utah, Marekani, wakikaa kumkumbuka bibi yao, hutaja vitu vilevile: chumba cha chini ya nyumba chenye rafu za matunda yaliyohifadhiwa kwenye chupa, mkate wa moto, na kwilti, yaani blanketi la tabaka tatu, iliyoshonwa kwa mkono. Shajara za mabibi wenyewe hazisemi mengi. Zinaandika idadi ya chupa, nani anaumwa, kama baridi imeunguza nyanya, na maji ya kumwagilia yalikuja saa ngapi. Hapa tunaifungua siku moja ya namna hiyo, jinsi kazi za msimu zilivyokuwa zikipangwa: Jumanne ya katikati ya Septemba 1948, bonde la Sanpete huko Utah, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baba yuko juu milimani na kondoo na hashuki mpaka Oktoba. Watoto ni sita. Kazi yote ya nyumbani na ya maji iko mikononi mwa mama.

Saa 10:30 alfajiri. Moto kwanza. Majivu ya jana yanatolewa, vijiti vikavu vya mwerezi vinapangwa, juu yake makaa ya mawe kidogo. Kilango cha bomba la moshi kinafunguliwa ili moto uvute moja kwa moja. Makaa yakishashika, kinafungwa, na joto linalazimika kuzunguka oveni kabla ya kutoka. Jiko lisilokwanguliwa masizi chini ya oveni kila wiki humwaibisha mpishi: mkate unaiva juu, chini unabaki mweupe.

Donge la hamira lilianzwa jana usiku: maji yaliyochemshia viazi, kikombe cha chachu iliyobakizwa kutoka mkate wa juzi, na unga wa kutosha kuufanya uji mzito. Sasa limejaa mapovu. Anaongeza chumvi, sukari kidogo, mafuta ya nguruwe na unga, jumla kama kilo 4 kwa mikate 8, kisha anakanda robo saa mpaka donge liache kunata kwenye beseni. Mwinuko una neno lake hapa. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo unga huumuka haraka kuliko pwani. Ukiusubiri kwa saa ileile ya nchi za chini unazidi, na ukiingia kwenye oveni unabonyea katikati. Dawa yake ni kutoitazama saa kabisa. Unabonyeza donge kwa kidole, na shimo likibaki bila kurudi, basi limeshafika.

Saa 11:15. Ng'ombe watatu, wanaokamuliwa kwa mkono. Chuchu zinafutwa kwa kitambaa cha maji ya moto, na mikamuo ya mwanzo inatupwa pembeni. Maziwa hayaruhusiwi kupoa, maana mashine ya kutenganisha krimu inafanya kazi vizuri maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Mpini unazungushwa kama mara 60 kwa dakika. Kwenye mpini kuna kengele ndogo inayolia mzunguko ukiwa wa polepole, na inanyamaza mwendo ukifika. Hapo ndipo bomba la maziwa linafunguliwa. Anayefungua mapema hupata krimu nyembamba, na kiwanda cha siagi hulipa kwa kiasi cha mafuta kilichomo, si kwa ujazo wa ndoo. Krimu ndiyo fedha taslimu ya nyumba hii pamoja na mayai. Maziwa yaliyobaki hunywewa, na mengine huenda kwa nguruwe.

Kazi inayochukiwa na watoto wote ni kuosha mashine hiyo. Ndani yake kuna visahani vyembamba vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kina nafasi yake. Huvishwa kwenye waya mrefu ili vioshwe bila kuchanganyika. Ukiviacha mpaka jioni maziwa yanakauka, na krimu ya kesho inachacha kabla haijafika kiwandani.

Saa 1 asubuhi. Viti vinageuzwa, migongo kuelekea mezani, na kila mtu anapiga magoti mbele ya kiti chake kwa sala ya familia. Kisha uji wa ngano, mayai na maziwa. Hakuna chai wala kahawa, kwa sababu ya Neno la Hekima, mafundisho ya kanisa lao ya mwaka 1833 yanayokataza pia pombe na tumbaku. Anayetaka kitu cha moto anakorogewa Postum, unga wa ngano iliyokaangwa na molasi. Watoto wakubwa wanapeleka ng'ombe malishoni na kuendelea shuleni.

Saa 2 mpaka saa 7. Pichi ndizo zinazoitawala siku. Sanpete ina baridi ya ghafla na haiaminiki kwa matunda hayo, kwa hiyo huletwa kwa lori kutoka mabonde ya kaskazini yenye joto zaidi. Hizi ni za aina ya Elberta, makasha mawili, kama kilo 44. Zilifika jana na hazitasubiri keshokutwa. Sukari iko ya kutosha. Mgawo wa wakati wa vita, ulioanza 1942, ulikwisha 1947, na kina mama bado wanaupima kila mfuko kwa jicho la miaka ile.

Chupa zinakaguliwa kwanza. Kidole kinapitishwa polepole kwenye mdomo wa kila moja, na iliyobanduka hata kidogo inatengwa kwa ajili ya maharagwe makavu, kwa sababu kifuniko hakitashika hapo. Zinaoshwa na kukaa ndani ya maji ya moto. Chupa baridi ikitiwa shira inayochemka, au ikishushwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kitako kinakatika kama kimekatwa kwa kisu na pichi zote zinabaki chini ya sufuria.

Tunda linatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha kwenye maji baridi, na ganda linateleza lenyewe. Lisipoteleza, tunda halijaiva, wala usilichemshe zaidi, liache lingoje siku mbili. Linapasuliwa kufuata mfereji wake, kokwa inatolewa, na nusu zinawekwa kwenye maji yenye chumvi na siki kidogo zisigeuke rangi. Mikono miwili inamenya, mingine inapanga. Kazi hii haifanywi peke yake, na jirani au dada hufika na kisu chake mwenyewe, akijua wiki ijayo deni litalipwa kwake.

Nusu zinapangwa tumbo chini, zikipandana, ili chupa ya lita moja hivi ibebe zaidi ya kilo moja ya tunda. Shira nyepesi kwa chupa 7 ni vikombe 9 vya maji na vikombe viwili na robo vya sukari. Inamiminwa ikitokota, na juu inaachwa nafasi ya sentimita 1 na kidogo. Ukijaza mno, shira inasukumwa nje wakati wa kuchemka na kuacha sukari kwenye mdomo wa chupa. Ukipunguza, pichi za juu zinageuka kahawia. Kisu chembamba kinapitishwa pembeni kutoa mapovu ya hewa, mdomo unafutwa kwa kitambaa safi, kifuniko kinawekwa, na pete inayokishikilia inakazwa kwa nguvu ya vidole tu. Pete iliyokazwa kwa bidii huzuia hewa kutoka, na kifuniko hupinda.

Sufuria inabeba chupa 7, maji yakizifunika kabisa. Mwinuko unarudi tena: hapa maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wala si 100, kwa hiyo muda huongezwa. Kipimo kinachofuatwa siku hizi kwa pichi mbichi za chupa ya lita, kwenye mwinuko huu, ni dakika 40 tangu maji yaanze kutokota. Wengi enzi hizo walichemsha kwa muda mfupi zaidi na pichi zikawasamehe, maana zina asidi. Maharagwe mabichi hayasamehi. Yanahitaji sufuria ya presha, kwa sababu mbegu za kijidudu cha botulini hazifi kwenye maji yanayochemka, na baadaye ndani ya chupa hutoa sumu isiyo na harufu. Maofisa ugani wanawake kutoka chuo cha kilimo cha Logan walilihubiri jambo hilo bila kuchoka, na walikuwa sahihi.

Moto ndio mtihani. Mikate 8 inataka joto lililotulia kwa dakika 45, huku sufuria ikitaka moto mkali. Kwa hiyo sufuria inakaa mbele, juu kabisa ya makaa, na makaa yanaongezwa kidogo kidogo ili oveni isiruke. Joto la oveni hupimwa kwa mkono. Mwokaji anauingiza na kuhesabu polepole, na idadi anayoweza kustahimili anaijua kwa jiko lake mwenyewe. Jiko la jirani lina hesabu nyingine.

Mizunguko minne, chupa 28. Zinapozwa juu ya taulo, mbali na upepo wa mlango, na jikoni kunaanza kusikika mlio mdogo wa bati, tik, kila kifuniko kinapovutwa chini. Hakuna anayegusa pete.

Saa 8 mchana. Mkate na maziwa vimeliwa wima. Anavua aproni na kwenda kwenye mkutano wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, chama cha wanawake wa kanisa, jina ambalo waumini wa Nairobi na Dar es Salaam wanalijua vizuri. Ulianzishwa Nauvoo, Illinois, tarehe 17 Machi 1842, Emma Smith, mke wa mwanzilishi wa kanisa, akiwa rais wake wa kwanza, na mpaka 1980 ulikutana katikati ya wiki. Kila wiki ya mwezi ina mada yake, kuanzia dini, kazi za mikono, fasihi hadi masuala ya jamii. Leo ni kazi za mikono.

Fremu ya kwilti ni mbao nne ndefu zilizoshikwa pembeni kwa vibanio vya chuma. Kitambaa cha chini kinabanwa kwanza, kinafuata tabaka la sufu ya kondoo iliyooshwa na kuchanuliwa, kisha kitambaa cha juu. Kabla ya sindano kuingia, mtu anapima kwa kamba kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana kwilti itatoka imeenda upande, na hakuna kufua kutakakoinyoosha. Sufu isiyooshwa vizuri hutoa mafuta yake na kuacha madoa ya njano baada ya mwaka. Mishono mitatu hadi minne kwa sentimita ndiyo inayokubalika. Mkono usipofika tena, upande ulioshonwa unaviringishwa kwenye mbao na kazi inaendelea.

Kina mama hawa hawakuwa wa kushona tu. Mwaka 1876 Brigham Young, rais wa kanisa wakati huo, alimwita Emmeline B. Wells aongoze wanawake kuhifadhi ngano. Walijenga maghala yao, na mwaka 1918 waliiuzia serikali ya Marekani zaidi ya busheli 200,000, yaani tani zaidi ya 5,000. Kwenye fremu, sindano zikienda, ndipo inapojulikana nani kajifungua, nani hana makaa, na nani kesho apelekewe mkate. Mtu akifa, ni hawa wanaoshona nguo zake za maziko na kumvika mwanamke mwenzao.

Saa 11 jioni. Ng'ombe tena, mashine tena. Kuku wanalishwa na mayai yanakusanywa. Zamani kina mama wa bonde hili waliyatenga mayai ya Jumapili kuchangia ujenzi wa hekalu la Manti, lililowekwa wakfu 1888 na linaloonekana kutoka mbali bondeni. Pichi zilizoiva mno zinapondwa kwa jemu. Zile ngumu zinatandazwa sakafuni zisigusane, maana moja ikioza inaozesha jirani zake.

Saa 3 usiku. Sala, watoto kulala, soksi za kushona, na mistari miwili ya shajara. Anainuka kuiangalia saa ya ukutani mara kwa mara.

Saa 5 usiku. Zamu ya maji. Kampuni ya mfereji ni ya wakulima wenyewe. Kila hisa ina dakika zake, na ratiba haijali kama ni usiku. Ukiikosa, bustani inangoja mzunguko mzima. Anachukua taa, koleo, mabuti ya mpira na turubai iliyopigiliwa kwenye mti wa mita mbili na nusu. Mti unalazwa juu ya kingo za mfereji, turubai inaangukia upande maji yanakotoka, na ukingo wake wa chini unakandamizwa kwa matope na mabonge ya nyasi. Mabonge yakiwa machache maji yanapenya chini na kuibeba turubai yote. Maji yakipanda anafungua njia ya bustani kwa koleo na kuyagawa kwenye matuta, machache kwa kila mfereji mdogo, yasije yakachimba mizizi ya viazi.

Kisha anatembea na taa kando ya tuta, akisikiliza. Mashimo ya panya fuko ndiyo adui. Maji yanaingia kimya upande mmoja na kutokea kwa jirani, na sauti ya kububujika mahali pasipostahili humwambia kabla macho hayajaona. Shimo linazibwa kwa udongo wenye nyasi, maana mchanga mtupu unaondoka.

Saa 7 usiku. Dakika za zamu zikiisha anang'oa turubai, maji yaende kwa mwenye zamu inayofuata, ambaye tayari taa yake inaonekana barabarani. Jikoni, kabla ya kulala, anabonyeza kila kifuniko katikati kwa kidole. Ishirini na saba vimeshika. Kimoja kinachezacheza, na chupa hiyo anaihamishia mezani, iliwe na watoto asubuhi.