Siku moja ya rubani wa mizigo: saa ambazo hazilipwi

Saa nane na nusu usiku naamka, naoga, nakunywa chai ya rangi nikiwa nimesimama. Gari la kazini linanichukua South B kabla jogoo hajawika. Pale mtaani wanajua mimi ni rubani, na wengi wanaamini nalala hoteli za Dubai. Mimi ni rubani msaidizi wa Fokker 50 ya mizigo, ndege ya pangaboi mbili, na mzigo wetu mkubwa ni miraa ya Mogadishu.

Saa kumi naripoti uwanja wa Jomo Kenyatta. Mimi na Kapteni tunasoma hali ya hewa, tunapiga hesabu ya mafuta, nazunguka ndege na tochi. Saa kumi na moja alfajiri kila kitu kiko tayari. Mzigo haupo.

Miraa hii ilichumwa Meru jana, ikateremka usiku kwa pikapu zile zinazojulikana kwa mbio, ikafungwa Eastleigh ndani ya majani ya migomba. Baada ya siku mbili hivi haina ladha wala bei, ndiyo maana kila mtu anakimbizana nayo. Somalia ilipoifungia miraa mlango Machi 2020, soko lilibaki kimya hadi Julai 2022. Marubani wengi niliowafahamu waliiacha kazi hii katika kipindi hicho. Baadhi wako Ghuba na hawana mpango wa kurudi. Nafasi zao hazijajazwa. Tuliobaki tunagawana zamu zao.

Saa kumi na mbili, hakuna lori. Saa moja asubuhi tunaambiwa limezuiwa getini, karatasi zina kasoro. Saa mbili, bado karatasi. Mwakilishi wa wenye mzigo anapanda ngazi hadi mlangoni, simu mbili mkononi, mnunuzi wa Mogadishu akifoka kwenye moja.

"Kapteni, washa basi! Mzigo uko njiani."

"Mzee wangu, siwashi injini kabla mzigo haujapimwa na kufungwa."

"Na nyinyi mna haraka gani? Si mnalipwa hata mkikaa!"

Kapteni ananyamaza. Namjibu mimi, kwa heshima, kwa sababu yule mzee fedha zake zinanyauka ndani ya lori na namwelewa. Namwambia hatulipwi. Tuna mshahara wa msingi ambao ni mdogo, na mwezi huu umechelewa tena. Kinachotulisha ni posho ya saa za kuruka, nayo huanza kuhesabiwa vizuizi vinapoondolewa kwenye magurudumu na kukoma vinaporudishwa. Hapa tunapokaa, joto likipanda na jasho likishuka, ni bure. Lakini saa za zamu, ambazo sheria inaziwekea kikomo, zinahesabiwa tangu niliporipoti, kwa sababu mwili unachoka hata ndege ikiwa imesimama. Anatutazama kwa muda, kisha anasema, "Kumbe," na kuteremka.

Lori linaingia karibu saa nne. Vijana wa kupakia wanafanya kazi nzuri sana, tunaondoka. Mwendo wa saa mbili na dakika kadhaa, bahari inatokea, tunatua Aden Adde, uwanja wa Mogadishu, mzigo unashuka, tunarudi. Hapo ndipo napenda kazi hii. Kutua kwenye barabara iliyo kando ya bahari na upepo wa ubavuni kunataka mikono tulivu, nami ninayo.

Alasiri Nairobi, kabla sijavua mkanda, ofisi iko redioni: kuna dawa na vipuri vya Juba, twende tena. Sheria inamruhusu kapteni kurefusha zamu kidogo jambo lisilotarajiwa likitokea. Ruhusa hiyo ni yake, si ya ofisi. Kapteni ananigeukia: "Mwenzangu, unajionaje?"

"Nimechoka, Kapteni. Nasoma mstari mmoja mara mbili."

Anakataa safari. Wanampigia, wanampigia tena, wanasema hakuna rubani wa akiba. Ni kweli hakuna. Wao ndio hawajaajiri. Kila nikifikiria jambo hili naikumbuka ndege ya mizigo ya UPS, kampuni ya vifurushi ya Marekani, iliyoanguka Birmingham, Alabama, tarehe 14 Agosti 2013. Marubani wote wawili walikufa, na kinasa sauti kilikuwa na mazungumzo yao kuhusu uchovu. Januari iliyofuata Marekani ilianza kutumia kanuni mpya za mapumziko kwa marubani wa abiria, wa mizigo wakaachwa nje. Mwili wa anayebeba maboksi unahitaji usingizi uleule.

Jioni, badala ya kulala, nakaa na wenzangu sebuleni kwa mmoja wetu. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, nchi nzima ilijua siku ileile, maana abiria walikwama. Sisi tukisimama, anayelia ni mwenye mzigo tu. Kwa hiyo tunafuata sheria hatua kwa hatua: mwajiri halazimiki kukitambua chama cha wafanyakazi mpaka kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Tunapitisha fomu. Wengine wanaogopa, kwa kuwa walisaini mkataba wa kulipia mafunzo ya ndege hii na wakifukuzwa watadaiwa. Siwalaumu, hata mimi nimesaini.

Hakuna anayezungumzia mgomo leo. Tunaomba mambo matatu: saa za kungoja zilipwe, waajiriwe marubani wa akiba, na kapteni akikataa safari kwa uchovu asipigiwe simu ya pili. Barua inapelekwa Jumatatu.