Kumbukumbu ya mradi: kubadilisha tyubu za amplifaya ya EL34

Amplifaya ni ya stereo, yenye tyubu nane (vifaa vya kioo visivyo na hewa ndani, vinavyokuza au kugeuza umeme): ECC83 moja mlangoni (nusu yake ya chaneli ya kushoto, nusu ya kulia), ECC82 mbili za kugawa wimbi kuwa mawili yanayopingana, EL34 nne za kutoa nguvu zinazofanya kazi mbilimbili kwa mtindo wa sukuma-vuta, na GZ34 moja ya kugeuza AC kuwa DC. Ndani ya tyubu, hita hupasha joto kathodi inayotoa elektroni, anodi (bamba) huzipokea, na gridi iliyo kati yake huzidhibiti. Bayasi, yaani volti inayopanga mkondo wa tyubu bila muziki, ni ya kudumu: gridi hupewa volti hasi kutoka nje. Kila EL34 ina potenshomita yake ya bayasi, na kila kathodi hupitia rezista ya omu 10 kabla ya kufika kwenye ardhi. Gridi za skrini (gridi ya pili ya kila EL34) zimeungwa kwenye tepu (waya zinazotoka katikati ya koili) za transfoma ya kutolea, mpango uitwao ultralinia.

Mpango: EL34 nne mpya, ECC83 isiyo na kelele, na kuamua kama KT88, tyubu za nguvu zinazovumilia joto zaidi, zinaweza kuingia mahali pa EL34.

Usalama kwanza. Ndani kuna zaidi ya volti 450, na kapasita huendelea kuzishika baada ya plagi kuchomolewa. Rezista ya kiloomu 10, wati 10, yenye klipu mbili na waya uliofunikwa vizuri, inatosha kuzimwaga. Kwa jumla ya maikrofaradi 150 hivi, shikilia sekunde 10, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Pima tena ukirudi kutoka mapumzikoni, kwa kuwa kapasita za elektroliti hujirudishia chaji kidogo zenyewe.

Siku ya 1: vipimo kabla ya kugusa kitu

Umeme wa ukutani: volti 238. Hita za EL34: volti 6.81. Volti kuu ya DC: 462.

Hita ndiyo iliyosema kwanza. Zinatakiwa volti 6.3, na 6.81 ni asilimia 8 juu. Kathodi inayopikwa hivyo hupoteza uhai wake mapema, hata tyubu ikiwa bora kiasi gani. Transfoma ya umeme ina tepu mbili upande wa kuingilia, 220 na 240, na waya ulikuwa kwenye 220. Baada ya kuuhamishia kwenye 240, hita zilishuka hadi 6.24 na volti kuu hadi 428. Kazi ya dakika kumi, bila senti moja, na pengine ndiyo iliyorefusha maisha ya tyubu kuliko yote yaliyofuata.

Mkondo wa kila EL34 ulisomwa kabla tepu haijahamishwa, kwa volti kwenye rezista ya omu 10 (volti 0.10 ni miliampia 10), potenshomita zote zikiwa zimewekwa kutoa volti −38:

V1: 0.41
V2: 0.38
V3: 0.52
V4: 0.22

Miliampia 52 kwa volti 462 ni wati 24, na kikomo cha anodi ya EL34 ni wati 25. Sehemu ya mkondo huo ni ya skrini, hivyo anodi ilikuwa bado haijafika ukingoni, lakini taa ya chumba ilipozimwa, mshono wa pembeni wa bamba la V3 ulionekana mwekundu hafifu. Wekundu kwenye bamba ni amri ya kuzima papo hapo. Mwanga wa buluu unaotambaa kwenye kioo chenyewe hauna neno. Ni elektroni zinazogonga kioo. Zambarau inayojaa katikati ya vyuma ndiyo mbaya: gesi imeingia.

Siku ya 2: tyubu mbovu au soketi mbovu?

Hapa ndipo watu hununua tyubu bure. V3 na V4 zilibadilishana soketi. Usomaji mdogo ulihama pamoja na tyubu, kwa hiyo ile V4 ya zamani imechoka kweli. Usomaji mkubwa haukuhama. Ulibaki kwenye soketi ya V3. Tyubu mpya ingewekwa hapo, ingeiva vilevile.

Tyubu zote nne za nguvu zikiwa nje, volti kwenye pini ya 5 (gridi) zilisomwa: tatu −38, soketi ya V3 −35.4. Volti 2.6 zilizopotea kwenye rezista ya gridi ya kiloomu 220 ni takriban maikroampia 12, na mkondo huo una njia moja tu ya kufika hapo: kapasita inayotoka kwenye ECC82 inavuja. Kuhakikisha: mguu wa kapasita upande wa gridi ulinyanyuliwa, mita ikawekwa kati ya mguu huo na ardhi, amplifaya ikawashwa. Upande wa pili una volti 250. Kapasita nzima husukuma sindano kidogo kisha inarudi karibu sifuri. Hii ilitulia kwenye volti 73, kwa mita yenye upinzani wa megaomu 10.

Kapasita zote nne za kupitishia zimetolewa na kuwekwa za filamu ya polipropileni, maikrofaradi 0.22, volti 630. Thamani imeachwa ileile kwa makusudi. Pamoja na kiloomu 220 inakata kwenye hezi 3.3, chini ya chochote kinachosikika. Kuna kishawishi cha kuweka maikrofaradi 1 ili besi ishuke zaidi. Matokeo yake kwenye saketi yenye mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mlangoni kinyume) ni spika kupumua polepole, koni ikienda mbele na nyuma bila muziki. Isitoshe, amplifaya ikisukumwa kupita kiasi, kapasita kubwa huchelewa kujimwaga na sauti hukabwa kwa muda.

Siku ya 3: chini ya chesisi

Kapasita ya kwanza ya kuchuja ilikuwa ya volti 450. Koili ya pili ya transfoma inatoa volti 360 kila upande, na 360 mara 1.41 ni 508, ndiyo volti itakayofikiwa EL34 zikiwa zimetolewa. Kwa hiyo 450 ilikuwa kamari. Imewekwa maikrofaradi 47 ya volti 550. Isizidi maikrofaradi 60 mahali hapo: hicho ndicho kikomo cha GZ34, na ukikipita, mkondo wa kuijaza kapasita huchoma kathodi ya tyubu hiyo kwa cheche.

GZ34 yenyewe ilipima vizuri, imebaki. Dayodi mbili za 1N4007 zimeongezwa, moja kwa mfululizo kwenye kila anodi yake. Hazibadilishi sauti wala muda wa kupasha joto. Kazi yake ni kwamba siku GZ34 ikipata shoti ndani, AC isiingie kwenye kapasita na kuondoka na transfoma. Wanaotaka kuchomeka 5U4G, tyubu nyingine ya kugeuza AC kuwa DC, mahali pake waangalie kwanza koili ya volti 5: GZ34 inakula ampia 1.9, 5U4G inataka 3.

Rezista za kathodi zilipimwa zikiwa zimenyanyuliwa mguu mmoja: 10.1, 10.0, 9.9 na 11.3. Hiyo ya mwisho, ya V4, ilikuwa inadanganya kwa asilimia 13. Zote zimebadilishwa kwa za asilimia 1.

Soketi zimesafishwa kwa alkoholi ya isopropili, na mabano ya pini yakabanwa kwa sindano nene. Pini ikiingia bila ukinzani wowote, mguso utakuja na kwenda, na kwenye pini ya 5 maana yake ni bayasi kupotea na tyubu kufunguka kabisa. Kwenye soketi ya V2 kulikuwa na mstari mweusi wa kaboni kati ya pini ya 2 na ya 3. Hiyo ni alama ya umeme ulioruka kutoka anodi kwenda hita, mara nyingi baada ya amplifaya kuchezeshwa bila spika. Kaboni haisafishiki, soketi imebadilishwa kwa ya kauri.

Kisha rezista za kiloomu 1 za gridi. Zilikuwa kwenye ubao, sentimita 3 kutoka pini. Sasa zimelehemiwa kwenye pini ya 5 moja kwa moja, mguu ukiwa mfupi iwezekanavyo. Waya wa sentimita 3 baada ya rezista ni antena. Dalili ya tyubu inayotetema kwa masafa ya juu ni usomaji wa bayasi kurukaruka unaposogeza mkono karibu na kioo.

Siku ya 4: KT88, hapana

Hesabu ya hita: EL34 nne kwa ampia 1.5 ni 6, na tyubu tatu ndogo kwa 0.3 ni 0.9, jumla 6.9. KT88 inakula 1.6, jumla ingekuwa 7.3. Transfoma imeandikwa ampia 7. Pili, rezista ya gridi: kwa bayasi ya kudumu, KT88 inaruhusiwa kiloomu 220 ikiwa haizidi wati 35, na 100 tu juu ya hapo. Kushusha hadi 100 kungeilemea ECC82. Tatu, na hili ndilo huondoa hamu: zikiwekwa kwa volti zilezile na transfoma ileile ya kutolea, nguvu inabaki karibu ileile. Wati 42 za anodi zilizoandikwa kwenye karatasi ya vipimo ni joto linalovumilika, si sauti inayotoka.

6L6GC, aina nyingine ya tyubu za nguvu, zingeweza kuingia kwa kurekebisha bayasi, hita zake ni ampia 0.9 tu. Anayefanya kinyume, EL34 kwenye amplifaya ya 6L6, akague pini ya 1. Kwenye EL34 hiyo ni gridi ya tatu, lazima iungwe na pini ya 8. Ikiachwa hewani, tyubu haieleweki.

Kuhusu majina ya watengenezaji wa tyubu. Mullard ya zamani ilitengenezwa Blackburn, Uingereza, na ina maandishi madogo yaliyochorwa kwenye kioo karibu na kitako: mstari wa juu aina (Xf2 kwa mfano, kwa EL34), mstari wa chini ukianza na B. Mullard na Tung-Sol zinazouzwa mpya leo hutoka Saratov, Urusi. Ni tyubu nyingine zenye jina la urithi. Telefunken halisi ndogo zina umbo la almasi lililopigwa chini ya kioo kati ya pini. Rangi ya nje hupigwa chapa na yeyote, kioo hakidanganyi kirahisi. Mradi huu umetumia EL34 za sasa zilizolinganishwa nne kwa nne. Uliza zimelinganishwa kwa volti ngapi na mkondo gani, maana namba zisizo na masharti hazina maana.

Siku ya 5: kuwasha

Tyubu za nguvu nje. Potenshomita zote zikasukumwa upande wa hasi kabisa: −52 kwenye kila pini ya 5. Soketi isiyo na volti hasi haiwekwi tyubu. Rezista ya omu 8, wati 50, ikafungwa kwenye kila chaneli badala ya spika.

Kiwango kinacholengwa: asilimia 70 ya wati 25 ni 17.5. Gawa kwa 428, unapata miliampia 41 za anodi. Mita inasoma kathodi, ambayo hubeba na mkondo wa skrini, karibu 6 zaidi. Nimeweka 0.45, yaani miliampia 45, chini kidogo ya jumla hiyo. Ilifikiwa kwa hatua: 0.30, dakika 10, kisha 0.45, halafu mzunguko wa pili, kwa sababu kuipandisha moja hushusha volti kuu na kuzisogeza nyingine. Baada ya saa 2: 0.45, 0.46, 0.44, 0.45.

ECC83 ilichaguliwa kati ya tatu kwa kugongwa taratibu na kifutio cha penseli. Moja ililia kama kengele kwenye spika. 5751, tyubu inayoweza kuingia mahali pa ECC83, ilijaribiwa pia: ukuzaji wake ni 70 badala ya 100, hivyo mrejesho hasi hupungua kwa karibu desibeli 3 na mvumo ukapanda kidogo. Ikatolewa. ECC88 isijaribiwe hata kwa utani, ingawa inaingia kwenye soketi: hita yake imepangwa tofauti na anodi yake haivumilii zaidi ya volti 130.

Siku ya 9: baada ya saa 20

Bayasi: V3 imeshuka hadi 0.42, nyingine zimebaki. Imerudishwa 0.45. Tyubu mpya husogea hivyo mwanzoni.

Kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme), wimbi la hezi 1,000 linaanza kukatwa vichwa kwenye volti 16.9, yaani wati 35.7 kwa omu 8. Kabla ya kazi ilikuwa 14.6, wati 26.6. Kelele bila muziki, chaneli ya kushoto: milivolti 0.9, kutoka 2.1. Ya kulia bado 1.6. ECC82 zikibadilishana nafasi kelele inabaki kulia, kwa hiyo si hizo. Nusu ya pili ya ECC83 na rezista yake ya anodi ya kaboni, kiloomu 100, ndizo zinazofuata kunyanyuliwa.